Kaseti za Atari: Zilizouzwa Sana Sizo Zinazokumbukwa

Ukiwauliza wanaofuata habari za michezo ya televisheni wakutajie mchezo ulioshindwa vibaya kuliko yote tangu ufundi huo uzuke, aghalabu watakutajia mmoja tu, E.T., uliotolewa na kampuni ya Atari ya Marekani mwezi wa Disemba mwaka 1982. Watakueleza kuwa ulikuwa mchezo mbovu, kwamba hakuna aliyeutaka, na kwamba kampuni yenyewe iliona haya nao hata ikaenda kuchimba shimo katika jangwa la jimbo la New Mexico na kuufukia huko pamoja na aibu yake. Hadithi hiyo imesimuliwa mara nyingi mno, na imeshakuwa kama methali. Mtu akitaka mfano wa biashara iliyokwenda kombo, huutaja mchezo huo.

Sasa zitazame hesabu za ndani za kampuni hiyo hiyo ya Atari, ambazo zilikuja kujulikana miaka mingi baadaye. Utakuta jambo la kustaajabisha. E.T. umo katika kumi ya kwanza ya kaseti zilizouzwa sana kwa ajili ya mtambo ule! Zilitoka kaseti kama milioni 2.6 mwishoni mwa mwaka 1982, na hata ukiziondoa zile laki sita na ushei zilizorudishwa mwaka uliofuata, bado zinabaki karibu milioni mbili. Iko michezo iliyosifiwa na kupewa tuzo ambayo haikufika hata nusu ya hapo. Mnyonge mnyongeni, walisema wazee wetu, lakini haki yake mpeni.

Utauliza, msomaji, imekuwaje kitu kikauzwa kwa mamilioni kisha kikaandikwa katika historia kuwa hakikuuzika? Ndilo swali ninalotaka tulitazame leo. Huwezi kulijibu kwa kuutazama mchezo mmoja peke yake, maana orodha nzima ya kaseti zilizouzwa sana za Atari ina mambo ya namna hiyo. Imo michezo ambayo haitajwi tena na mtu, umo mmoja uliouzwa kuliko yote na ukaiharibia kampuni kuliko yote, na ndani ya orodha hiyo hiyo mna ugomvi wa ijara ambao athari zake zinaonekana hadi leo.

Kwanza tuuelewe mtambo wenyewe. Ulianza kuuzwa mwezi wa Septemba mwaka 1977 kwa bei ya dola 199. Lilikuwa sanduku jeusi la plastiki lenye ubao wa rangi ya mti usoni, likiunganishwa na televisheni ya nyumbani. Mchezo ulitiwa katika kaseti, ambayo mtu huipachika juu ya mtambo na kuichomoa atakapo, sawa na zile kaseti za TV game walizokuja kuchezea watoto wetu baadaye. Kumbukumbu ya kazi ya mtambo huo ilikuwa baiti 128 tu, na baiti moja hubeba herufi moja. Sentensi hii unayoisoma sasa, ukizihesabu herufi zake moja moja pamoja na nafasi zilizo baina ya maneno, isingeenea katika kumbukumbu ya mtambo mzima. Kaseti nazo zilikuwa na baiti elfu mbili au elfu nne. Katika ufinyu huo mtungaji alitakiwa atie vifaru, ndege, mito, majini, sauti na hesabu ya pointi. Tena mtambo haukuweza kuihifadhi picha nzima, kwa hiyo mtungaji alikuwa akiichora upya mstari kwa mstari huku mwali wa televisheni ukipita juu ya kioo. Akichelewa kidogo tu picha huharibika. Kazi hii ilifanywa na mtu mmoja, peke yake, tangu mwanzo hadi mwisho. Jambo hilo msomaji uliweke moyoni, tutalirudia.

Mtambo ulipouzwa uliandamana na kaseti moja ya bure, nayo ni Combat. Ni vita vya vifaru na ndege kwa watu wawili, michezo 27 ndani ya kaseti moja kama ilivyoandikwa juu yake, ingawa mingi ni ule ule mmoja uliobadilishwa kidogo. Wachezaji ni lazima wawe wawili, kwani mchezo wenyewe haukujua kumpinga mtu. Kwa takriban miaka mitano kila aliyenunua sanduku lile alipewa Combat, na hivyo ikaingia nyumba nyingi sana, pengine kuliko kaseti nyingine yoyote ya zama zile. Lakini ukizitafuta orodha za mauzo mara nyingi huikuti, kwa sababu haikuuzwa, ilitolewa bakshishi. Ndugu wawili walioshindana jioni nzima kwa vifaru vile hawakuwa na habari kuwa mchezo wao hauhesabiwi. Huo ndio upungufu wa kwanza wa hesabu za wafanyabiashara. Wao huandika kilicholipiwa, na waliocheza hawawajui.

Mauzo ya miaka miwili ya mwanzo hayakuwa ya kutisha. Kilichoubadilisha upepo ni Space Invaders, mchezo uliotungwa Japani na Bwana Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito mwaka 1978, ambao ulikuwa umewatia wazimu vijana wa Tokyo na New York katika mabanda ya michezo ya kulipia sarafu. Atari iliinunua haki yake, na kaseti ya nyumbani, iliyotungwa na Bwana Rick Maurer, ikatolewa mwaka 1980. Watu walinunua mtambo kwa ajili ya kaseti hiyo moja! Mauzo ya mitambo yakapanda mara nne. Kaseti zenyewe zikapita milioni sita katika miaka michache. Kuanzia hapo kila mwenye rasilmali katika Marekani akajua kuwa ndani ya vipande vile vya plastiki mna dhahabu.

Kisha ikaja Pac-Man. Huu nao asili yake ni Japani, mtungaji wake Bwana Toru Iwatani wa kampuni ya Namco, mwaka 1980. Atari ilimpa Bwana Tod Frye kazi ya kuutia katika kaseti ya baiti elfu nne. Sasa mtambo ule uliumbwa kwa ajili ya michezo kama Combat, kwa hiyo ulijua kuonyesha vitu viwili vyenye kutembea, risasi mbili na mpira mmoja. Pac-Man una mlaji mmoja na mizuka minne. Bwana Frye ilimbidi aionyeshe mizuka kwa zamu, mmoja mmoja, haraka haraka, na matokeo yake ikawa inamemetameta kama taa ya kibatari inayotaka kuzimika. Rangi hazikufanana na za mchezo wa asili, sauti kadhalika. Watoto waliokuwa wakiujua mchezo wa bandani waliona mara moja kuwa wamepewa kitu kingine.

Na hata hivyo ndiyo kaseti iliyouzwa kuliko zote katika historia ya mtambo ule, kati ya milioni saba na nane. Hapa ndipo inapobainika ajabu ya biashara hii. Kampuni ilitengeneza kaseti kama milioni 12 wakati ambapo mitambo iliyokuwamo majumbani ilikadiriwa kuwa kama milioni 10. Yaani kila mwenye mtambo alitarajiwa anunue kaseti yake, kisha watu wengine milioni mbili wakanunue mtambo ili waipate. Ukiuza milioni saba baada ya kutengeneza milioni tatu, wewe ni tajiri. Ukiuza milioni saba baada ya kutengeneza 12, una ghala limejaa kaseti milioni kadhaa na wateja walioudhika. Idadi ni ile ile.

Hivi ndivyo ilivyokuwa kwa E.T. vile vile, na zaidi. Haki ya kuitumia sinema ya Bwana Steven Spielberg iliripotiwa kuigharimu Atari kiasi cha dola milioni 20 au zaidi. Mapatano yalikwisha mwishoni mwa mwezi wa Julai mwaka 1982, na kaseti ilitakiwa iwe madukani kabla ya Krismasi. Ukitoa muda wa kiwandani, mtungaji alibakiwa na majuma matano. Kazi akapewa Bwana Howard Scott Warshaw, kijana hodari ambaye mchezo wake wa kwanza, Yars' Revenge, ulimchukua miezi kama saba na ukauzwa zaidi ya milioni moja. Aliifanya kazi ya miezi kwa majuma matano, akilala kidogo, na kaseti ikatoka kwa wakati. Mimi sioni ajabu kwamba E.T. ulikuwa na makosa. Mchezaji alikuwa akitumbukia mashimoni bila ya kujua sababu, akipanda juu anatumbukia tena. La ajabu ni kwamba ulikamilika, na humo ndani mlikuwa na fikra kadhaa mpya ambazo zingepewa miezi sita zingeleta kitu chema.

Lakini kosa kubwa halikuwa la mtungaji. Zilitengenezwa kaseti kama milioni nne. Ili tufahamu kwa nini, lazima tuutazame uhusiano wa Atari na wenye maduka, na hili wafanyabiashara wetu wa Marikiti na Kongowea watalielewa upesi kuliko wasomi. Mwaka baada ya mwaka Atari ilishindwa kutosheleza madai. Mwenye duka akiagiza kaseti elfu moja akipewa mia tano. Basi wenye maduka wakajifunza hila: ukitaka mia tano agiza elfu. Mwezi wa Oktoba mwaka 1981 Atari ikawataka waagize mapema mzigo wao wa mwaka mzima wa 1982. Wakaagiza kwa desturi yao, mara mbili ya wanachokihitaji. Kampuni ikaziamini karatasi, ikatengeneza zote. Na kwa kuwa mzigo ulikwenda kama mali kauli, na kisichouzwa kilikuwa na njia ya kurudi, kilichoandikwa katika daftari la Atari kuwa kimeuzwa kilikuwa kimehama ghala tu, kutoka la kiwanda kwenda la duka.

Msomaji sasa anaona kwa nini E.T. unaweza kuwa katika kumi bora na ukawa pia hasara. Marehemu Bwana Ray Kassar, aliyekuwa mkuu wa Atari, alipata kusema kuwa kaseti milioni 3.5 kati ya milioni nne zilirudi. Hesabu za kampuni haziungi mkono kauli hiyo, zinaonyesha kuwa watoto wapatao milioni mbili waliipata kaseti ile. Mimi naziamini hesabu kuliko kauli ya mkuu aliyekuwa akieleza kushindwa kwake, maana ni rahisi kuutwika mchezo mmoja mzigo wote, na mchezo hauna kinywa cha kujitetea.

Tumefika mahali ambapo orodha ya mauzo iliacha kuwa karatasi ya hesabu ikawa chanzo cha fitina. Bwana Kassar aliletwa kuiongoza Atari mwaka 1978, miaka miwili baada ya kampuni kununuliwa na shirika la Warner. Alitoka katika biashara ya nguo. Mwaka 1979 uongozi uliwagawia watungaji waraka unaoonyesha kaseti zipi zilizouzwa sana mwaka uliopita na kila moja imeleta sehemu gani ya mapato. Nia ilikuwa njema: tazameni kinachouzika, mtunge cha namna hiyo. Watungaji wanne, Bwana David Crane, Bwana Alan Miller, Bwana Bob Whitehead na Bwana Larry Kaplan, waliusoma kwa jicho jingine. Walikaa wakapiga hesabu, wakakuta kuwa michezo yao wao wanne imeleta karibu asilimia 60 ya mauzo ya kaseti, mauzo yaliyokadiriwa kuwa dola milioni 100. Kila mmoja wao alikuwa akilipwa yapata dola 30,000 kwa mwaka, au pungufu. Jina la mtu halikuandikwa juu ya kaseti wala ndani ya kijitabu chake.

Walikwenda kwa mkuu wakaomba jina na fungu dogo katika kila kaseti, kama apatavyo mtunga vitabu au mwimbaji. Kwa masimulizi ya Bwana Crane, waliambiwa kuwa mtunga mchezo hana umuhimu kuliko yule mfanyakazi wa kiwandani anayeziunganisha kaseti. Watungaji wamesimulia pia kuwa mkuu aliwafananisha na wachora taulo. Kwetu sisi wa mwambao, tunaojua kuwa kanga nzuri ni mchoraji na jina lake, mfano huo ungekuwa sifa, lakini hawakukusudiwa kusifiwa. Wakaondoka. Mwezi wa Oktoba mwaka 1979 wao na Bwana Jim Levy wakaanzisha kampuni yao, Activision, ya kwanza kutengeneza kaseti kwa ajili ya mtambo wa mtu mwingine. Atari iliwapeleka mahakamani, kesi ikaishia kwa mapatano. Katika kijitabu cha kila kaseti ya Activision mlikuwa na jina la mtungaji, picha yake, na nasaha zake kwa mchezaji.

Wengine hawakuomba. Bwana Warren Robinett, mtunzi wa Adventure, aliona kuwa kampuni haitamwandika, akajiandika mwenyewe. Alificha chumba cha siri ndani ya mchezo, ambacho hufikiwa na yule tu atakayeokota nukta moja yenye rangi sawa na ya ardhi. Ndani yake mna maneno yanayosema kuwa mchezo huu umeundwa na Warren Robinett. Hakumwambia mtu, akaacha kazi mwaka 1979, na kaseti zikatengenezwa na siri ikiwa ndani. Kijana mmoja wa jimbo la Utah ndiye aliyekigundua chumba hicho akaiandikia kampuni barua. Adventure uliuzwa zaidi ya milioni moja kwa dola kama 25 kila moja, na Bwana Robinett amesema mara nyingi kuwa fungu lake lilikuwa mshahara wake wa dola 22,000 hivi kwa mwaka.

Na Bwana Rob Fulop je? Yeye ndiye aliyeitia Missile Command katika kaseti mwaka 1981, nayo ikapita milioni mbili na nusu. Anasimulia mwenyewe kuwa Krismasi ile alipewa zawadi ya kazi yake: hati ya kwenda kuchukua bata mzinga mmoja wa bure dukani. Akaondoka na wenzake wakaanzisha kampuni ya Imagic, na mchezo wake wa kwanza huko, Demon Attack wa mwaka 1982, ukauzwa kama milioni mbili. Bata mzinga ghali kuliko wote, nadhani, kupata kutolewa zawadi. Baada ya watu hao kuondoka ndipo Atari ilipoanza kuwapa waliobaki senti chache kwa kila kaseti, na hivyo Bwana Frye wa Pac-Man akatajirika.

Demon Attack ni mfano mzuri wa mchezo uliosahauliwa. Wakati wake ulisifiwa kwa majini yake yenye rangi nyingi, yanayoundika hewani kutokana na vipande viwili vinavyokutana. Leo hautajwi ila na wakusanyaji wa vitu vya zamani. Sababu si ubora wake. Imagic ilitaka kuuza hisa zake kwa umma mwisho wa mwaka 1982, ikazuiwa na mtikisiko wa soko, na baada ya miaka michache ikatoweka. Mchezo uliofiwa na mwenyewe si rahisi kumpata wa kuutengenezea wa pili. Pac-Man wenye kasoro zake unaye mwenyewe Japani hadi leo, na kila baada ya miaka michache hupakwa rangi mpya.

Kaboom! wa Bwana Kaplan, wa mwaka 1981, nao ulipita milioni moja. Jambazi yuko juu anatupa mabomu, wewe uko chini na ndoo za maji unayadaka. Ni mchezo mwepesi ambao mtoto wa miaka mitano huuelewa kwa dakika moja, na mtu mzima hauachi kwa saa nzima. Lakini ulichezwa kwa kitasa cha kuzungusha, kama kile cha kutafutia stesheni za redio, na mitambo iliyofuata haikuwa na kitasa cha namna hiyo. Ukiucheza kwa vitufe si Kaboom! tena. Ni kama kumpa mtu bao la karatasi bila ya kete na kumwambia acheze.

Katika yote iliyosahauliwa, unaonisikitisha zaidi ni River Raid. Mtunzi wake ni Bibi Carol Shaw, miongoni mwa wanawake wa mwanzo kabisa kuifanya kazi hii. Aliingia Atari mwaka 1978, baadaye akahamia Activision. Mchezaji anarusha ndege juu ya mto mrefu wenye visiwa, madaraja na meli, akitafuta mafuta asije akaanguka. Mto ule haukuhifadhiwa mahali, maana baiti elfu nne zisingeutosha. Bibi Shaw alitunga kanuni ya hesabu ambayo kutokana na namba moja huzaa namba inayofuata, na kila namba ikawa kipande cha mto, hivyo mto unatiririka bila ya kwisha na kila mara ni ule ule. Kaseti ilitoka mwishoni mwa mwaka 1982 ikauzwa zaidi ya milioni moja. Huko Ujerumani Magharibi idara ya kulinda vijana iliuona kuwa unawafundisha watoto vita, mwaka 1984 ikautia katika orodha ya vitu visivyoruhusiwa kuuzwa kwao, na haukuondolewa humo hadi mwaka 2002. Bibi Shaw aliacha kazi mapema, mwaka 1990, na mwaka 2017 akazitoa karatasi na vitu vyake kwa jumba la makumbusho ya michezo la Strong huko Rochester.

Kuanguka kwa soko sitakueleza kwa urefu, kumekwisha elezwa na wengi. Kila mtu alitaka fungu lake. Kampuni ya uji ya Quaker ilikuwa na tawi la kaseti, wauza chakula cha mbwa walikuwa na mchezo wao, na kampuni ya Johnson & Johnson ilitoa mchezo wa kulinda meno! Tarehe 7 Disemba mwaka 1982 Warner ilitangaza kuwa faida haitapanda kwa asilimia 50 kama ilivyotarajiwa, bali kwa asilimia 10 hadi 15, na hisa zake zikaanguka kwa karibu theluthi. Mwaka 1983 Atari ikapata hasara ya zaidi ya dola milioni 500. Kaseti za dola 30 na 40 zikauzwa kwa dola tano katika vikapu vilivyowekwa milangoni. Mwaka uliofuata Warner ikamwuzia Bwana Jack Tramiel sehemu ya mitambo ya nyumbani.

Ama lile kaburi la jangwani ni la kweli. Mwezi wa Septemba mwaka 1983 malori yalitoka katika ghala la Atari la El Paso, Texas, yakaenda mji wa Alamogordo, mzigo ukamwagwa katika jaa la mji na juu yake ukamiminwa saruji. Tarehe 26 Aprili mwaka 2014 likachimbuliwa mbele ya kamera na umati wa watu, naye Bwana Warshaw akiwapo. Kilichotoka kiliwatahayarisha wasimulizi. E.T. zilikuwamo, lakini chache. Mlikuwa na Centipede, Defender, Asteroids, Missile Command, Yars' Revenge, Pac-Man, na hata Space Invaders, ile kaseti iliyoijenga kampuni. Kwa maneno ya Bwana James Heller, meneja aliyelisimamia zoezi lile, zilifukiwa kaseti 728,000 za kila aina. Lilikuwa ghala lililokosa wanunuzi, bora na duni pamoja, kisha watu wakaliandika jina la mmoja tu. Zilitolewa kama 1,300, na halmashauri ya mji ikaziuza nyingi kwa mnada ikapata zaidi ya dola laki moja. Takataka za kampuni zikawa tijara ya mji.

Activision, kampuni iliyozaliwa kwa sababu wafanyakazi wanne walinyimwa majina yao, ilinunuliwa na Microsoft mwezi wa Oktoba mwaka 2023 kwa takriban dola bilioni 69. Kabla ya hapo, mwaka 2022, wakaguzi wa michezo katika tawi lake la Raven walipiga kura 19 kwa 3 kuunda chama cha wafanyakazi, wakidai utulivu wa kazi. Mwezi wa Januari mwaka 2024 Microsoft ikatangaza kupunguza watu 1,900 katika idara yake ya michezo, wengi wao wakiwa wa kampuni hiyo waliyoinunua juzi. Michezo ya leo hutungwa na mamia ya watu, na majina yao huandikwa yote mwisho wa mchezo, mistari na mistari. Siku hizi wanalodai ni kubaki kazini.

Wenye kulimiliki jina la Atari hivi sasa walitoa mwaka 2023 mtambo mpya wenye sura ya ule wa zamani, na ndani ya sanduku wakatia kaseti moja yenye michezo kumi. Adventure umo. Combat umo pia, bakshishi kama zamani. Pitfall! wa Bwana Crane, uliokaa juu kabisa ya orodha ya gazeti la Billboard kwa majuma 64 na kuuzwa kama milioni nne, haumo, na wala River Raid na Kaboom! hazimo, kwa kuwa ni mali ya Activision, yaani ya Microsoft. E.T. nao haumo. Lakini mtambo huo unapokea pia kaseti kuukuu, na anayeitaka E.T. haimlazimu kwenda jangwani na sururu. Kwa kuwa ziliuzwa nyingi mno, bado ni miongoni mwa kaseti za Atari zilizo rahisi kupatikana, tena kwa dola chache.